Nilivyompikia Dosa Baba Mkwe wa Jirani

Leo sina pa kuweka uso. Afadhali ingenikuta sokoni au kanisani, ningeondoka nikarudi kwangu. Sasa imenikuta kwangu, sebuleni kwangu, nikiwa na aproni mpya!

Ngoja niwaeleze mwenyewe kwa utaratibu kabla Mama Salome hajawaeleza kwa namna yake. (Picha anazo. Msimsikilize.)

Mnaonifahamu mnajua nauza mchele hapa sokoni Tunduma, ule wa Kamsamba. Wateja wote wakija wananusa kwanza, wanataka mchele mpya unaonukia. Mmoja tu ndiye aliyewahi kuniomba mchele uliokaa. "Ule wa zamani, dada, ule watu hawautaki." Nikamtolea gunia lililokuwa limelala kule nyuma, akafurahi mpaka nikajiuliza kama nimemwibia au yeye ndiye ameniibia. Huyo ndiye Mama Kavya. Wametoka India ya kusini, mume wake ni mhasibu kwenye yadi moja ya malori, na wanakaa nyumba ya pili kutoka kwangu. Kiswahili amekiokota sokoni, kwa hiyo anaongea kama sisi tu, ila asubuhi anawasalimia watu wote "mwapoleni" kama yuko Nakonde, ng'ambo ya mpaka kule Zambia. Binti yake Kavya na binti yangu Atu wanasoma darasa moja, na kuwatenganisha jioni ni kazi.

Hawa jirani zangu hawali nyama. Hawafungi, hawaumwi, hawajafilisika. Ndivyo walivyo. Nyama hapana, samaki hapana, yai hapana, hata supu yake hapana. Mwanzoni niliwaonea huruma kweli. Halafu siku moja Mama Kavya akanipa dosa, ile chapati yao nyembamba ya mchele na dengu iliyochachushwa, yenye ukingo unaovunjika mdomoni, pamoja na chatini ya nazi na sambar, mchuzi wa mbaazi na mboga uliotiwa ukwaju. Huruma ikaisha hapo hapo. Nikamwambia, "Nifundishe." Akanifundisha, jioni baada ya jioni, jikoni kwake, na hakunicheka hata nilipounguza haradali zikaruka mpaka kwenye pazia.

Sasa, mwezi huu baba mkwe wake amekuja kutoka India. Mzee mstaafu, mwalimu wa zamani, mkimya. Na amekuja na jambo. Anataka akirudi aondoke na Kavya, akakulie kwa bibi yake, kwa sababu anaona huku mtoto atapotea. Watu hawamfahamu, chakula chake hakifahamiki, atakua hajui yeye ni nani. Mama Kavya alinieleza haya akiwa amekaa kwenye magunia yangu ya mchele, analia bila sauti. Akasema mume wake hawezi kumpinga baba yake, na yeye aliye mkwe tu ndiyo hata mdomo hana.

"Angeona tu kwamba huku kuna watu wanatuelewa," akasema.

Nikajibu bila kufikiri, "Mlete Jumamosi. Nitampikia mimi."

(Mdomo huu! Baba Atu yuko na lori lake mpakani Kasumbalesa, foleni haisogei, nami nyumbani natangaza karamu.)

Jana mchana nikaloweka mchele na dengu nyeupe, jioni nikasaga, nikaweka unga wake kwenye ndoo ili uchachuke. Na baridi ya Tunduma mnaijua. Kwao unachachuka wenyewe kwa joto, kwetu hata maziwa yanakataa kuganda. Nikaivika ndoo blanketi la Atu, nikailaza pembeni ya jiko la mkaa.

Hiyo jana jioni ndipo mama mkwe wangu alipofika kutoka Mbebe. Nilikuwa nimempigia simu aniletee majani ya mgomba, maana hawa watu mlo wa heshima wanaula kwenye jani. (Kwenye simu aliniuliza, "Kwani jirani yako hana sahani?") Akaja na majani mazuri, makubwa, ameyakunja vizuri kwenye kanga. Akaja pia na mtetea mnene, mwekundu, amempakata kwenye basi safari nzima. Ndivyo alivyo, haji kwa mwanawe mikono mitupu. Nikamfunga kuku kamba mguuni, nikamwacha uani, nikijua ni wa Jumapili baada ya ibada.

Tukiwa tunachambua mbaazi akaniuliza, "Mgeni wa kesho ni nani?"

"Baba mkwe wa jirani, mama. Ila hali nyama."

"Anaumwa?"

"Haumwi, mama."

"Amesema mwenyewe kwamba hali?"

"Amesema mwenyewe."

"Aa," akasema mama, akapepeta ungo taratibu. "Basi ni mtu mwenye adabu sana."

Nikafurahi. Nikaona mama amemwelewa mgeni hata kabla hajamwona. Nikalala usingizi mzuri.

Asubuhi unga ulikuwa umeumuka mpaka umesukuma kifuniko. Nilitaka kupiga vigelegele! Mama akaja, akainama juu ya ndoo, akanusa, akaniangalia kwa masikitiko. Mama ni mzee wa kanisa kule kwao.

"Mwanangu, pombe umeanza kupika lini?"

"Si pombe, mama. Ni unga wa chapati zao."

"Haya," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekwenda kuniombea.

Nikabandika sambar kwenye sufuria mpya kabisa, niliyoinunua makusudi. Mbaazi, bilinganya, boga, bamia, ukwaju. Halafu nikatia mvuje. Asiyeujua mvuje, ni ule utomvu mkavu unaonuka vibaya ukiwa mbichi, ukiiva mchuzini unakuwa mtamu ajabu. Lakini kabla haujaiva, nyumba nzima inakuwa kama kuna kitu kimefia uvunguni. Mama akatoka nje ameshika pua kwa kanga. Mimi nikazoea, kisha sikunusa tena kitu chochote. Kumbukeni hapo.

Nikagundua sina yale majani ya kukaangia na haradali, ambayo Mama Kavya ameyaotesha kwenye ndoo barazani kwake. Nikaenda kuyachuma. Nilidhani nitarudi mara moja, lakini nilimkuta jirani yangu amekaa kitandani, nguo tatu zimetandazwa, hajui avae ipi. Huwezi kumwacha mtu hivyo. Tukachagua ya kijani, nikamshikia pini, nikamwambia asiogope, kila kitu jikoni kwangu kiko sawa.

Niliporudi niliona ile kamba uani imelegea, kuku hayupo. Nikadhani mama kamfungua atembee kidogo. Mama mwenyewe alikuwa amekaa barazani, amenawa, amevaa kitenge chake cha ibada, uso umetulia.

Nikaanza dosa. Ya kwanza ikang'ang'ania kikaango kama imelipia pango. Ya pili ikatoka vipande vipande. (Nikala ushahidi.) Ya tatu ikakubali, na ya nne ilikuwa duara ya kweli, kingo za kahawia, nikaiinua juu nikamwonyesha mama. Akasema, "Nyembamba hivyo, watu watashiba saa ngapi?"

Wageni wakaingia, ila baba yake Kavya alikuwa kazini. Mzee ni mrefu, mwembamba, shati jeupe limepigwa pasi, na michirizi ya majivu ya ibada yao kwenye paji la uso. Mama Kavya alikuwa amemfundisha, kwa hiyo nilipomwamkia "Shikamoo" akaitikia "Marahaba" kwa sauti nzito kabisa. Mama akampenda papo hapo. Kavya na Atu tukawapa dosa zao wakale uani, wakaondoka wakikimbia.

Mzee alipoona mezani kumetandikwa majani ya mgomba, alisimama. Akaligusa jani kwa vidole, akalipangusa, akasema neno moja kwa lugha ya kwao. Mama Kavya akanikonyeza. Jamani, nilivimba! Nikajiona nimeshamaliza kazi, mtoto ameshabaki Tunduma.

Tukakaa, mama akaomba. (Aliwaombea wasafiri, madereva, mvua na foleni ya Kasumbalesa. Mzee alifumba macho mwanzo mpaka mwisho.) Baada ya amina, mzee akauliza kitu kwa upole, na Mama Kavya akanitafsiria huku ameinamisha kichwa kwa aibu.

"Anaomba radhi kuuliza. Vyombo vilivyopika chakula hiki havijapika nyama?"

Swali langu hilo! Nilikuwa nalingojea. Nikasimama, nikaweka mkono kifuani.

"Mwambie mzee, sufuria ni mpya, mwiko ni mpya, kikaango ni kipya. Na mwambie hivi, tangu jana jikoni humu hakujaingia hata unyoya wa kuku!"

Mama akatikisa kichwa kuniunga mkono. "Ni kweli kabisa. Humu ndani hakujaingia."

Nikaenda jikoni, nikapakua sambar kwenye bakuli ndogo ndogo, nikazipanga kwenye sinia. Kisha nikachukua jagi na beseni kwenda kuwanawisha wageni, nikamwomba mama alete sinia. Akalileta vizuri sana, na bakuli la mzee akamwekea mwenyewe, kwa mikono miwili, akipiga goti kidogo. Nikaona, mkwe wangu leo ananiheshimisha.

Mzee akaanza na dosa na chatini ya nazi. Akatafuna polepole. Akatikisa kichwa huku na huku, nikaogopa, Mama Kavya akaninong'oneza kwamba kwao hiyo ndiyo sifa. Akakata kipande kingine. Kisha akavuta bakuli la sambar, akachukua kijiko na, kabla ya kuonja, akakoroga toka chini. (Namshukuru Mungu kwa wazee wanaokoroga.)

Kijiko kikapanda na kipande cha boga. Kikapanda tena na bamia. Kikapanda mara ya tatu na kitu cheusi cheusi, cha mviringo, kimenona, kinang'aa.

Firigisi.

Mimi nimeshachinja kuku wengi. Firigisi naijua hata gizani. Lakini kwa muda niliiangalia nikijiambia ni bilinganya, ni uyoga, ni chochote Bwana utakachopenda. Mama Kavya aliiangalia, akaniangalia mimi. Sikuwaza aibu yangu wakati huo, niliwaza Kavya na begi lake uwanja wa ndege, na moyo uliniuma kweli.

Mzee akakishusha kijiko. Hakutupa, hakupiga kelele. Akakiweka pembeni ya jani, akakunja mikono, akanyamaza.

Basi hapo ndipo mama mkwe wangu alipouelewa ule ukimya kwa namna yake. Aliona mzee wa watu amepewa firigisi peke yake na anashangaa mwenye firigisi yuko wapi. Akainuka akicheka.

"Mwambieni asiwe na wasiwasi, mwenyewe yupo!"

Akatoka nje mbio. Nami nikajua. Akarudi na lile hotipoti langu kubwa la harusi, akalitua katikati ya meza, akafungua kifuniko kwa madaha. Mvuke ukapanda. Mtetea mzima! Mapaja, kidari, shingo, na mchuzi wa nyanya, umeiva haswa. Alimchinja wakati niko kwa Mama Kavya nashikilia pini, akampika nje nyuma ya nyumba, akamfunika, na firigisi akaitia kwenye bakuli la mzee wakati mimi nawanawisha wageni. Na mimi kwa mvuje ule nisingenusa hata lori la samaki.

"Karibu, baba," mama akamwambia mzee.

Nikasema kwa sauti iliyotoka ndogo kama ya mgonjwa, "Mama, si nilikwambia hali nyama?"

Mama akanishangaa. "Ulinambia. Nikakuuliza kama amesema mwenyewe, ukasema ndiyo. Sasa mwanangu, mgeni gani atasema nichinjieni kuku? Mgeni akisema hataki, ile ni adabu yake. Na wewe ukimwamini, hiyo ni roho yako mbaya."

Ni kweli, kwetu ndivyo tulivyolelewa. Mtu anakuja kwako anasema nimeshiba, usijisumbue, napita tu, na wewe huku unamkimbiza kuku. Halafu huyu ni mama mkwe. Simkaripii mbele ya watu, hata nyumba ikiungua. Nikageukia kwa mzee, nikasema, "Kosa ni langu." Nikainamisha kichwa, machozi yananilenga.

Mzee akauliza jambo. Mama Kavya akajibu. Akauliza tena, na sasa Mama Kavya akamgeukia mama.

"Anauliza, kwa nini ile nyama ndogo alipewa yeye peke yake?"

Mama akajiweka sawa kwenye kiti. "Mwambie ile si ya kila mtu. Ile ni ya baba mwenye nyumba. Mwanangu yuko safarini, angekuwepo angekula yeye. Lakini mgeni huyu ana mvi, ametoka mbali, yupo kwetu, basi leo baba wa nyumba ni yeye. Ningempa mtu mwingine ingekuwa nimemtukana."

Mama Kavya akatafsiri. Alitafsiri kirefu, mpaka nikaona ameongeza yake. Nilisikia neno Mbebe, nilisikia basi, nikamwona anakumbatia kuku wa hewani kwenye mapaja yake. Mzee alisikiliza yote bila kupepesa. Halafu akaunganisha viganja, akamwinamia mama mkwe wangu. Mama naye akamwinamia, akidhani sasa anaanza kula.

Hakuanza kula. Akasimama, akakunja mikono ya shati, akaelekea jikoni kwangu.

Nikamfuata mbio. Alinionyesha kwa mkono nikae. Nikasimama mlangoni, akanionyesha tena, nikakaa. Akaosha kikaango changu chote upya, akakisugua kwa majivu ya jiko, akachukua ile ndoo yangu yenye blanketi, akachota unga kwa upawa, akaumimina na kuuzungusha kwa mkono uleule mmoja. Dosa zikaanza kutoka. Kubwa, duara, nyepesi, hata moja haikung'ang'ania. Mimi kwenye kiti na aproni yangu mpya!

Mama alipochungulia na kuona mzee wa mvi amesimama kwenye jiko, akashika kichwa. "Mama Atu! Umemwinua mgeni mezani akajipikie? Leo wewe umetuzika!"

Na ndipo hodi ikapigwa. Ilikuwa Mama Salome, kiongozi wetu wa kwaya, amekuja kumsalimia mama. Aliingia mpaka jikoni kama kawaida yake. Akamwona mzee anapindua dosa. Akaniona mimi nimekaa, mikono mapajani, macho mekundu.

"Shoga," akasema akitoa simu, "mpishi umemtoa wapi? Na mshahara unampa shilingi ngapi?"

Alipiga picha tatu. Kwenye moja mzee anatabasamu. Mimi kwenye zote nimefumba macho.

Mwisho wake tulikula wote. Mzee na Mama Kavya walikula dosa za mzee, chatini, na sambar ya kule kwenye sufuria, ambayo nilimwapia kwa uhai wangu kwamba haikuguswa. Aliionja, akaonja tena, akatikisa kichwa huku na huku. Mama na Mama Salome walimshughulikia mtetea. Mimi sikuweza kumeza kitu, nilikuwa naangalia uani ambako Atu na Kavya wanaruka kamba, najiuliza wamebakiwa na wiki ngapi.

Wakati wa kuaga, mzee alitangulia, na Mama Kavya akanivuta pembeni kwenye ukuta. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, nikashindwa kujua nimshike vipi.

"Amesema Kavya abaki."

"Unasema kweli?"

"Kweli, dada. Amesema nyumba iliyompa mgeni sehemu ya baba, hapo mtoto hapotei."

Nilimkumbatia mpaka pini ya ile nguo yake ya kijani ikafunguka. Nikacheka, nikashukuru, nikasahau yote.

"Ila kuna sharti moja," akasema, akatazama chini. "Amesema Kavya aje kwako wakati wowote, acheze, asome, hata alale. Lakini kwa Mama Atu asile kitu."

Basi ndiyo hivyo. Naandika hapa nimejifungia chumbani. Mnaotaka kucheka, chekeni polepole, maana mama mkwe yuko sebuleni anamalizia shingo, na ameniuliza mara ya pili yule mzee mwenye adabu atarudi lini, ili safari ijayo aje na jogoo.